Maswali Yenu Kuhusu Tope la Ziwani na Horini

Mwanafunzi, Kisauni: Nilichota tope la Ziwa Chala kwa sepetu ya mabati, likakaa siku tatu ndani ya debe. Nipeleke maabara gani kupima zinki na risasi?

Usitafute maabara, rudi ziwani. Mabati hupakwa zinki, na ikishaingia katika sampuli hakuna mtambo utakaoitenganisha na ile ya ziwa. Hili ni swali la nne la aina hii tangu Ramadhani, na naumia kuona nauli za wanafunzi hadi Taveta zikipotea bure. Kwa metali, tumia kijiko na mikebe ya plastiki iliyolowekwa katika asidi ya naitriki iliyozimuliwa, kisha ikasuuzwa vyema. Kwa viuatilifu, tumia chupa za kioo. Sampuli zisafiri ndani ya kasha la barafu.

Msomaji, Changamwe: Tope likaushwe kwa nyuzi ngapi?

Nyuzi 105 ukitaka kiasi cha maji. Usizidi 40 ukipima zebaki, maana hupaa.

Mwalimu, Likoni: Horini Tudor, tope la mikokoni lina risasi nyingi kuliko la mkondoni. Tuseme kuna anayemwaga sumu?

Msiseme bado, mwalimu. Sugueni tope la kila mahali kati ya vidole: la mikokoni litateleza kama sabuni, la mkondoni litakwaruza. Metali hushikamana na chembe laini, kwa hiyo tofauti mliyoiona yaweza kuwa ya chembe tu. Chekecheni sampuli zote kwa chekeche ya mikromita 63, mpime kilichopita, ndipo mlinganishe.

Hata hapo tope la juu halitoshi kumshtaki mtu. Shindilieni bomba wima, mkate kiini, yaani nguzo ya tope iliyomo bombani, sentimita moja moja, na tabaka za chini ziwape kiwango cha asili. Umri wa tabaka za karne moja hivi husomwa kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho, ambayo hupungua nusu kila miaka 22. Na kabla ya kukinyooshea kiwanda kidole, kumbukeni petroli yenye risasi iliyouzwa nchini hadi 2006. Jihadharini na kaa, kwani mashimo yao huvuruga tabaka. Chini kabisa ya Ziwa Chala hakuna oksijeni wala mnyama wa kuchimbua, na ndiyo maana kiini cha zaidi ya mita 200 kilichotolewa huko mwaka 2016 kina thamani kubwa.

Msomaji, Bamburi: Maabara imenipa jedwali la namba peke yake. Nilipe?

Dai kwanza matokeo ya sampuli tupu (isiyo na tope), ya marudio (sampuli ileile iliyopimwa tena), na ya mashapo rejea, yaani tope la kulinganishia lenye kiwango kilichothibitishwa. Uliza pia asidi iliyotumika: mchanganyiko wa hidrokloriki na naitriki huacha sehemu ya madini ya silika bila kuyeyuka, ilhali hidrofloriki huyeyusha karibu yote, na namba za njia hizo mbili hazilinganishwi.