Kazi mpe, funguo baki nazo

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeuliza kama umkabidhi yule kijana kurasa za keki zako za Instagram na Facebook. Anataka shilingi 300,000 kwa mwezi, atatoa posti 30, na ameahidi wafuasi 5,000 ndani ya siku 60. Msaidizi unamhitaji, hilo sikatai. Kwa masharti hayo, usimkubalie.

Tuanze na hesabu. Keki ya kilo mbili unauza 70,000, na ukishatoa unga, mayai, siagi, gesi, boksi na bodaboda unabaki na kama 25,000. Kumlipa yeye peke yake kunataka keki 12 za ziada kila mwezi, zile ambazo bila yeye zisingekuja. Ukiweka na 150,000 za matangazo, zinakuwa 18. Na nyingi zitatakiwa Jumamosi. Oveni yako moja itazibeba? Kama haizibebi, pesa hiyo ianzie kwenye oveni.

Hao wafuasi 5,000 ni bidhaa ya dukani, mama. Mwambie akuonyeshe kurasa tatu anazoziendesha sasa, ufungue orodha ya wafuasi ushuke nayo taratibu. Ukikuta majina ya nchi za mbali, hayana picha, hayajaposti chochote lakini yanafuata watu maelfu, funga. Kisha soma maoni chini ya picha. Utakuta vimoto na mioyo tele, na katikati yake mtu kauliza "kilo moja bei gani, mnaleta Usa River?" wiki tatu zilizopita, mpaka leo yuko kimya pale kama kasahaulika stendi. Hiyo ndiyo sampuli ya kazi yake. Wafuasi wa kununua wana hasara nyingine: hawaitikii posti, na posti isiyoitikiwa haisambazwi.

Sasa funguo. Watu wengi huliona hili dogo mpaka siku ya ugomvi. Kijana hufungua ukurasa kwa barua pepe yake na namba yake, mkikosana anaondoka nao pamoja na picha na wateja wote, na wewe huna pa kushika. Fungua mwenyewe akaunti ya biashara kwenye Meta Business Suite, chombo cha kampuni yenye Facebook na Instagram cha kusimamia kurasa za biashara, kwa jina lako, na uiwekee uthibitishaji wa hatua mbili kwa laini uliyoisajili kwa alama zako za vidole. Ndani yake ingiza ukurasa wa Facebook, Instagram, na akaunti ya matangazo. Yeye mwongeze kama mtu mwenye ruhusa ya sehemu: aposti, aendeshe matangazo, aone takwimu. Udhibiti kamili asiupate. Nywila usimpe hata akikwambia ni ya dakika tano, maana kwa njia hii haihitaji. Ya TikTok akutumie video, uipandishe kwa simu yako. Siku ya kuachana unalifuta jina lake, basi.

Kadi ya kulipia matangazo iwe yako pia, na iwekee pesa ya mwezi huo tu. Ukimpa taslimu "akubustie", yaani alipie posti isambazwe kwa watu wengi, hutajua 150,000 imefika nzima au imefika 60,000.

Kugawana kazi ndiko kunakotaka akili. Mpe upigaji picha, uhariri wa video, upangaji wa posti na uendeshaji wa matangazo. Kujibu wateja usimpe. Mtu anauliza WhatsApp saa tatu asubuhi: "Keki ya kilo tatu kesho saa nane, sherehe iko bustanini, inawezekana?" Wewe unajua papo hapo kwamba krimu ya siagi kwenye jua la saa nane italegea na maua yatateleza, kwa hiyo unamshauri fondanti, ile sukari laini ya kufunika keki, au keki ikae ndani mpaka wakati wa kukata. Kijana mwenye kurasa tisa ataona ujumbe saa nane, ataandika "karibu sana mpendwa", na mteja ameshanunua kwingine. Au vibaya zaidi, atakubali. Weka WhatsApp Business, tunga majibu ya haraka kwa yale maswali matano yanayojirudia, na weka lebo: ameuliza, ametoa kianzio, amechukua.

Posti 30 ni nyingi mno kwa jiko la mtu mmoja. Zikizidi uwezo wako atajaza na misemo ya Jumatatu njema na picha za keki za watu, kisha mteja akuletee picha ya keki ambayo hujawahi kuoka. Dai 12 kwa mwezi, zote za keki zako. Mtenge siku moja ya kupiga picha kila mwezi, asubuhi, meza karibu na dirisha, bila flashi, shuka jeupe nyuma. Apige keki nzima, kisha kipande kilichokatwa, kamera ikiwa usawa wa meza ili tabaka zionekane. Video ziwe za wima, sekunde 15 hivi: kisu kinashuka, kipande kinatoka. Hiyo inauza kuliko maneno. Muziki achague kwenye maktaba ya akaunti za biashara, maana nyimbo zinazovuma mara nyingi haziruhusiwi kwa akaunti za biashara, na video inaweza kunyamazishwa. Picha za watoto wa wateja zisiende bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo ni adabu tu.

Halafu bei iandikwe. Hii "bei njoo inbox" inaniudhi. Andika uzito, bei, siku za kuagiza mapema, na kwamba uko Sakina, Arusha.

Kwenye matangazo, asibonyeze tu kile kitufe cha kubusti. Aingie Ads Manager, sehemu ya Meta ya kupanga matangazo, achague lengo la ujumbe ili anayegusa tangazo afike WhatsApp yako. Pini ya ramani aiweke Sakina, kilomita 15 kuzunguka, la sivyo unalipia macho ya watu wa Mwanza. Asichuje kwa lugha ya Kiswahili: watu wengi wanaozungumza Kiswahili kutwa simu zao ziko kwa Kiingereza, na tangazo litawaruka. Kwaresima harusi zinapoa, punguza pesa ya matangazo. Iongeze kuanzia Novemba, kabla watu hawajapanda huku Kilimanjaro kwa ubatizo, vipaimara na harusi za Desemba.

Mkataba uwe wa maandishi, miezi mitatu, wa kwanza ukiwa wa majaribio. Uandike kwamba picha na video ghafi ni mali yako na ziwekwe kwenye Google Drive yako kila mwezi, kwamba hanunui wafuasi, na kwamba risiti anatoa. Malipo nusu mwanzoni, nusu baada ya ripoti. Ripoti isiwe ya laiki. Iwe mistari minne: mazungumzo mangapi yameanza kwenye tangazo, kila moja limegharimu shilingi ngapi, oda ngapi zimelipiwa kianzio, mauzo kiasi gani. Ya oda na mauzo utampa wewe kutoka kwenye daftari, kwa hiyo kila mteja muulize "umetuona wapi?" na uandike. Mwezi wa tatu ukifika na oda za mtandaoni hazijafika 14 kwa mwezi, yaani za kufidia 200,000 ya kumlipa na 150,000 ya matangazo, mshukuru mwachane.

Akikataa ruhusa ya sehemu, usibembelezane naye. Akikubali, mpe 200,000 kwa posti 12, nadhani inamtosha, na rasimu ya mkataba nitumie niipitie kabla hujasaini.

Ndizi mshare nimezipakia kwenye basi la kesho asubuhi. Saa nne uwe stendi, dereva atakupigia.

Mama yako