Joto la dari litokee wapi? Maswali na majibu ya wajenzi wa Mtwara na Lindi

Kila mwaka, kwenye tarehe 19 Oktoba au karibu na hapo, jua hupita utosini mwa Mtwara, na maswali kuhusu joto la nyumba huanza kumiminika. Nimechagua matano.

Shikamoo fundi. Nimehamia nyumba yangu mpya hapa Chuno. Bati jipya, dari ya jipsamu, feni kila chumba. Lakini saa nne usiku chumba bado kinafuka, na feni inanipulizia joto. Nimekosea wapi?

Marahaba, dada. Kosa hili si lako peke yako. Ndivyo tunavyojenga wengi siku hizi. Bati la rangi iliyokolea likipigwa na jua la mchana hufika nyuzi 60 za Selsiasi na kupita. Joto hilo hushuka kwenye uwazi ulio kati ya bati na jipsamu, na pale halina mlango: fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, imezibwa, dari ya nje ya upenu imezibwa, kofia ya bati, ile inayofunika kilele cha paa, imebanwa. Mpaka magharibi inaingia, jipsamu nayo imeshapata moto, na usiku kucha inakurudishia ulipolala. Feni haipoozi hewa, inaizungusha tu.

Nyumba za makuti za bibi zetu zilipumua zenyewe. Upepo ulipenya kwenye makuti, ukapenya pia kwenye nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na paa. Tulipohamia kwenye bati tukaziba vyote viwili, kisha hatukuweka kitu mahali pake.

Hewa ya moto hupanda. Kwa hiyo unahitaji matundu ya chini, kwenye upenu, hewa iingie. Na matundu ya juu, karibu na kofia, hewa itoke. Ukitoboa chini tu, joto linabaki limekaa kileleni. Ukitoboa juu tu, hakuna hewa ya kulisukuma. Kuna kipimo cha kanuni za ujenzi za Marekani ambacho nakiona kinafaa hata huku: eneo la matundu yote liwe sehemu moja ya 150 ya eneo la dari. Dari ya mita za mraba 90 inataka matundu ya mita za mraba 0.6, nusu chini na nusu juu. Wavu unakula nafasi, kwa hiyo mimi hukaribia kuzidisha mara mbili.

Kwa nyumba iliyokwisha kama yako, anza na upenu. Fundi akate vipande vya dari ya nje kuizunguka nyumba yote, pande zote nne, aweke wavu. Kama paa lako lina kuta za pembetatu ncha mbili, toboa juu kabisa ya kila ukuta na uweke mbao za kulaza zinazoinamia nje, mvua isiingie. Kama paa limelala pande zote nne, kofia ya mgongo inyanyuliwe kwa vipande vya mbao vya sentimita 3 hadi 5, wavu uwekwe ubavuni, na kofia yenyewe iwe pana ya kutosha kufunika uwazi huo. Pesa ikibaki, tandaza karatasi ya alumini ya kung'aa chini ya papi, zile mbao zinazobeba bati, upande unaong'aa utazame chini kwenye uwazi, isigusane na jipsamu. Na siku bati likihitaji rangi, lipake nyeupe. Najua wengi wanapenda maruni na kijani kibichi, lakini rangi hizo tunazilipia kwa usingizi.

Fundi, umewahi kusema tuache matundu kwenye upenu. Hapa Mtanda, Lindi, tukiacha tundu wanaingia popo, na mbu ndio usiseme. Bora joto au bora malaria?

Usichague, kaka. Mbu wa malaria hupenda sana kuingilia kwenye nafasi iliyo kati ya ukuta na paa, hilo ni kweli, na ndiyo sababu tundu lolote ninalolitaja hapa lina wavu. Dawa ni wavu, si saruji. Watafiti waliojenga nyumba 110 za mfano katika vijiji vya Mtwara walitembea njia hiyohiyo: nyumba za ghorofa, vyumba vya kulala viko juu ambako upepo ni mwingi, na wavu umezuia mbu bila kuzuia hewa.

Kwa popo, kwanza hakikisha wametoka. Subiri giza liingie, waruke wote, ndipo uzibe, na usizibe wakati wana vichanga visivyoruka, vitafia humo na harufu itakuhamisha. Mavi yao usiyafagie makavu. Vumbi lake linaweza kuleta maradhi ya mapafu. Lowesha kwa maji, funika pua na mdomo, kisha zoa. Wavu wa chuma cha kawaida usinunue. Chumvi ya baharini itautafuna upesi. Tafuta wa alumini au wa plastiki ngumu.

Sebule yetu Mikindani ni giza hata saa sita mchana. Baraza ni pana, taa zinawaka tangu asubuhi. Mume wangu anataka kuweka bati la plastiki la kupitisha mwanga. Unashaurije?

Baraza msiliguse, mama. Hilo ndilo linaloukinga ukuta na jua, na ndipo mnapokaa jioni. Mwanga tuutafute kwingine.

Mwanga wa dirisha huingia ndani kiasi cha mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha. Dirisha linaloishia mita 2.1 litaangaza mita nne, tano hivi. Mbele ya hapo ni kiza. Kwa hiyo kinachosaidia ni kulipandisha dirisha, si kulitanua. Vunja tofali mbili tatu juu ya linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya madirisha, karibu na dari, uweke vidirisha vyembamba vya kufunguka. Vitaleta mwanga mpaka ukuta wa ndani, na joto lililokusanyika chini ya dari litapata pa kutokea. Kisha paka dari ya baraza nyeupe, na sakafu yake iwe ya rangi nyepesi: jua linalopiga uani hudunda sakafuni, likapanda darini, likaingia ndani. Watu hupaka sebule upya mara tatu wakasahau dari ya baraza.

Bati la plastiki linaleta mwanga, lakini linaleta na jua lenyewe. Sebuleni silitaki. Jikoni au kwenye choo cha nje lifae, kipande kimoja kidogo. Na kama jiko la nje ni bati tupu bila dari, kuna njia rahisi zaidi, ile iliyotoka Brazili mwaka 2002 kwa fundi Alfredo Moser: chupa ya plastiki ya lita mbili, maji safi na matone ya dawa ya kufulia nguo nyeupe ili maji yasiote kijani, ichomekwe kwenye tundu la bati nusu juu nusu chini, pembeni izibwe vizuri. Mchana inaangaza kama balbu ya wati 40 na zaidi, bila shilingi ya umeme.

Nimepata kiwanja Naliendele, bado sijachimba msingi. Nyumba iangalie wapi?

Natamani wote wangeuliza kabla ya msingi! Ukuta mrefu mmoja uangalie kaskazini, mwingine kusini. Kwetu jua na upepo vinakubaliana katika hili, na si kila mahali vinakubaliana. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki katikati ya mwaka, kaskazi inakuja kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hivi. Nyumba iliyolala hivyo inapokea pepo zote mbili, mradi kila chumba kiwe na madirisha pande mbili.

Jua nalo: mwezi Juni saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 56 juu ya upeo. Upenu wa sentimita 90 unatosha kulifunika dirisha la mita 1.2 lililoanzia karibu chini yake. Upande wa magharibi upenu hausaidii, jua la alasiri linaingia limeinama. Huko weka choo, stoo, ngazi, au panda mwembe. Chumba cha kulala cha magharibi kitakuunguza mpaka usiku wa manane.

Madirisha ya alumini ya kusukuma yanafunguka nusu tu. Ukilipia dirisha la mita mbili, unapata upepo wa mita moja. Chagua yanayofunguka yote. Na msimu wa korosho usiegemeze magunia dirishani. Nimeingia nyumba nyingi ambazo dirisha la upande wa kaskazi lilizibwa tangu Oktoba.

Baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, naogopa. Matundu ya paa hayataupa upepo mahali pa kushika?

Hofu yako ina msingi, mzee wangu. Kimbunga cha 1952 kiliipiga Lindi, kwa hiyo si jambo la kufikirika. Ila matundu madogo yenye wavu siyo yanayong'oa paa. Paa hung'oka pale kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilipopigiliwa misumari tu juu ya ukuta. Fundi atoe nondo au mikanda ya chuma kutoka kwenye linta, aifunge kila kenchi. Papi zikaribiane zaidi kwenye kingo za paa, na bati liwe nene: kumbuka geji 28 ni nene kuliko geji 30. Upenu usizidi mita moja bila nguzo. Ukitaka kivuli kipana, jenga baraza lenye paa lake la peke yake, ili upepo ukilichukua usiondoke na la nyumba. Kabla ya masika kuanza, panda ngazi ukague misumari ya bati. Iliyopata kutu kichwani ibadilishe.