Boti ya mashine ya kusindikiza mashindano ya tanga Mtera: undeni wenyewe

Mkuu umeuliza kama mnaweza kuunda wenyewe boti ya kusindikiza mitumbwi ya tanga kwenye mashindano pale bwawa la Mtera au msubiri hela ya kununua ya faiba. Undeni. Sisi yetu tuliunda hapa hapa Dodoma kwa plaiwudi, tukaipakia kwenye kenta mpaka bwawani, na inapiga kazi vizuri tu.

Ila kwenye majibu ya wenzangu naona watu mnabishana HP tu, yaani nguvu ya mashine, mara 40 mara 60, jamani, kazi kubwa ya boti ya uokoaji inafanyika ikiwa imesimama. Mtumbwi umepinduka, jamaa yuko majini nguo zimelowa ni nzito, upepo unawasukuma wote, hapo spidi haina msaada, unachotaka ni ubavu mfupi wa kumvutia ndani na boti isiyolala watu wawili wakiegemea upande mmoja. Ndo maana yetu ni futi 14, chini bapa, pana, na kamba ya kushikilia imezunguka ubavu wote. Plaiwudi ni ile ya maji, milimita 12, na kwa vile karatasi ni futi 8 kwa 4 lazima uunge, kwenye kiungo piga faiba ndani na nje, usibane hela hapo. Chini ya mabenchi fungeni madumu matupu ya lita 20 yenye vifuniko vya kukaza, kila moja linaelea na karibu kilo 20, boti ikijaa maji haizami.

Mashine HP 15 inatosha. Kamba ya kukokotea mitumbwi msiifunge nyuma kabisa, boti itagoma kukata kona, simikeni nguzo mbele kidogo ya mashine muifunge hapo.

Sasa Mtera yenyewe. Ile miti mikavu mnayoiona imesimama majini ina wenzake wengi chini. Bwawa likijaa ni mita 698.5 toka usawa wa bahari na maji yake yanaweza kutumika mpaka yashuke kufikia 690, kwahiyo kisiki ambacho Mei kiko chini kabisa, Oktoba kinakutana na propela. Pitieni njia yote ya mashindano siku moja kabla, mwendo wa taratibu, mtu mmoja akae mbele na mti wa kupimia kina, kila kisiki kifungeni dumu lililopakwa rangi lielee juu yake.

Mtu akiwa majini mfuateni mkiwa mmeukabili upepo, na mashine izimwe kabla hajaufikia ubavu, ZIMWE kabisa, sio kuweka nyutro. Dereva avae mkononi muda wote ile kamba ya kuzima mashine, akidondoka inachomoka na mashine inazimika.

Na kabla ya yote ipelekeni ikakaguliwe na TASAC, lile shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, jaketi okozi ndo kitu cha kwanza watauliza.