Kitasa kizima, fremu bovu
Mlango ukivunjwa, lawama zote humwangukia kitasa. Kichunguze: mara nyingi ni kizima, ulimi bado umetoka, kilichopasuka ni mbao ya fremu. Na huku Mbeya na Iringa mbao ina visa vyake. Paina ya Mafinga ikitengenezwa mlango kabla haijakauka, kiangazi hunywea. Mvua za Novemba hadi Aprili zikianza inavimba, fundi anairanda ili mlango ufunge. Mvua zikikatika, mwanya unabaki mkubwa kuliko mwanzo.

Pima leo. Mlango ukiwa wazi, zungusha ufunguo upime ulimi uliotoka, kisha funga mlango upime mwanya kati yake na fremu. Ulimi wa milimita 14 kwenye mwanya wa 6 umeshika milimita 8 tu, na hapo tindo moja inamtosha mwizi. Mwanya mdogo unatibika kwa kupachika kipande cha bati nene nyuma ya kila bawaba, mlango usogee upande wa kitasa.

Skrubu fupi zinazokuja na kitasa, zitupe. Kibati kinachopokea ulimi kifungwe kwa skrubu za inchi 2, ukitanguliza tundu la milimita 3, la sivyo paina inapasuka. Fremu yenyewe ishikwe ukutani kwa fisha za milimita 10 zenye urefu wa 120, tatu kila upande, moja karibu na kitasa. Toboa katikati ya tofali la kuchoma. Ukitoboa kwenye kiungo cha udongo, fisha inazunguka tu.

Kitasa cha leva 2 (leva ni vibati vya ndani ambavyo ufunguo huviinua) ni cha chooni. Aina za funguo zake ni chache, hata wa jirani unaweza kukifungua. Nunua cha leva 5. Ukitaka cha silinda (kipande kinachoingia ufunguo), isichomoze nje zaidi ya milimita 3, maana inabanwa kwa koleo na kukatikia pale skrubu inapopita.

Kwa kufuli, angalia komeo lake: skrubu zikionekana mlango ukiwa umefungwa, mwizi hana haja ya kugusa kufuli. Weka bolti za kichwa cha mviringo, nati zibaki ndani. Wala usitegemee kumsikia akikata: mvua ya Tukuyu ikipiga bati la paa, msumeno hausikiki hata chumba cha pili.

Ufunguo wa grili utundikwe mahali ambapo mkono wa dirishani haufiki, lakini kila aliyelala ndani anapajua hata gizani. Moto ukiwaka, ni grili hiyohiyo mtakayopaswa kuifungua.