TSI haina weusi: je, bakteria hana kimeng'enya cha kuvunja sisteini?

Mkuu mleta uzi, umesema E. coli wako hakuleta weusi wowote kwenye TSI (tyubu ya chakula cha bakteria chenye sukari na chuma), halafu ukasoma kwamba ana vimeng'enya vya kuvunja sisteini (asidi amino yenye salfa) na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi (H2S). Unauliza mwongo ni nani, tyubu au kitabu. Wote wakweli. Nimekaa benchi ya bakteria hospitalini miaka mingi, na karibu kila kundi la wanafunzi wa field huja na swali hili.

Tazama kilichomo kwenye TSI. Salfa inayotegemewa humo ni ya thiosalfeti, inayotiwa makusudi pamoja na chumvi ya chuma. Salmonella wengi wana kimeng'enya cha kuigeuza thiosalfeti kuwa gesi. Gesi ikikutana na chuma, unapata weusi. E. coli hana hicho. Kwa hiyo ile "H2S hasi" unayoandika kwenye rejista ni habari ya thiosalfeti. Sisteini hujaiuliza.

Ukitaka kuiuliza, pandikiza bakteria kwenye chakula cha majimaji kilichoongezwa sisteini, kisha bana kwa kifuniko kipande cha karatasi ya asetati ya risasi kining'inie juu. Kisiguse majimaji, maana risasi ni sumu kwa bakteria. Karatasi hii hunasa hata gesi kidogo ambayo chuma hakionyeshi. Kwangu vimelea niliozoea kuwaandikia hasi, E. coli akiwemo, waliitia ukahawia bila shida. Ndiyo maana haitufai kwenye kinyesi cha mgonjwa: kama karibu kila mmoja ni chanya, Salmonella utamtofautishaje? (Na jamani, acheni kufungua tyubu ili mnuse yai viza. Macho yanatosha.)

Sasa vimeng'enya vyenyewe. Hufanya kazi vikiwa vimeshika pairidoksali fosfeti, ambayo ni umbo la vitamini B6, na kutoka kwa sisteini hubaki pairuveti, amonia na haidrojeni salfaidi. Kinachonifurahisha ni kwamba kwa E. coli kazi hii hufanywa na vimeng'enya vyenye ajira nyingine. CysK na CysM hutengeneza sisteini hiyohiyo. MetC yuko kwenye njia ya kutengeneza methionini, asidi amino nyingine yenye salfa. Triptofanesi je? Ndiyo ileile inayotoa indoli unayoipima kwa kitendanishi cha Kovacs! Seli inahitaji njia hizi kwa sababu sisteini ikizidi ndani yake huigeukia kuwa sumu.

Methionini ina kimeng'enya chake, methionini gama-liasi, kinachotoa methanethioli yenye harufu ya kabichi iliyooza. Porphyromonas gingivalis wa kwenye fizi anacho, na humo imo sehemu ya harufu mbaya ya kinywa. Binadamu hatuna; Trichomonas na Entamoeba histolytica, ingawa si bakteria bali vimelea vya seli moja, wanacho, ndiyo maana watafiti wa dawa wanakilenga.

Uliuliza pia kama gesi hii ni taka tu. Hapana. Mwaka 2011 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulionyesha kwamba huwakinga bakteria dhidi ya antibayotiki: ukizima vimeng'enya vinavyoitoa, dawa huwaua kwa urahisi zaidi. Kwa E. coli kimeng'enya kilichohusika ni 3MST, na hicho nacho TSI yako haikioni.