Mbona mitungi yako haina maua?

SWALI: Shikamoo mama. Niliiona mitungi yako kwenye maonyesho mwezi uliopita. Ulisema kazi zako zinatokana na maumbile, lakini sikuona ua, ndege wala samaki hata mmoja. Hayo maumbile yako wapi? Na ufinyanzi ulijifunza kwa nani?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na bibi, maana ndiye shule yangu.

Bibi alikuwa Mkisi wa Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo milima ya Livingstone inashuka hadi majini. Kwao kufinyanga ni kazi ya wanawake, na vyungu hupakiwa mitumbwini kwenda kuuzwa Lyulilo, jirani na Matema. Nilipelekwa kwake likizo nikiwa na miaka tisa. Udongo hakunipa. Alinipa kokoto laini ya ziwani nisugue tumbo la chungu kilichokauka nusu, mpaka king'ae. Nikasugua siku mbili. Nilipomaliza, kiganja kilikuwa kinalijua lile tumbo hata nikifumba macho.

Baadaye nikaolewa huku Dar, tukahamia Kunduchi. Nikajaribu kufinyanga mabakuli, yote yakapinda. Nikaacha.

Kilichonirudisha ni matope ya mikoko. Pale juu, ambako maji hayafiki kila siku, jua huyapasua vipande vipande, na kila kipande kinainua kingo zake kama kisahani. Siku moja nilichuchumaa nikakibandua kimoja. Juu kilikuwa kikavu, kimesinyaa. Chini kibichi, chalowesha vidole. Nikaelewa mabakuli yangu yalikuwa yanapinda kwa nini: nilikuwa nayaanika juani! Tangu hapo nakausha kivulini, nimefunika kanga kuukuu. Na zile sahani ulizoziona zenye kingo zilizoinuka, hizo nimeziacha zijikunje zenyewe, kama matope yale.

Basi maumbile yamo. Mtungi mrefu ni tunda la mbuyu. Kile chungu kidogo chenye mdomo mwembamba ni kauri. Hebu fikiria neno lenyewe: kauri ni yule simbi wa pwani, na kauri ni chombo cheupe king'aacho kabatini. Mgeuze uone pande zake mbili zinavyojikunja kuingia ndani, zina meno madogo. Mdomo huo ulinitesa miezi, kwani udongo ukishaanza kukauka haukubali kukunjwa, unachanika.

Sina ugomvi na wanaochora maua. Mimi nataka chungu chenyewe kiwe kimeota. Mwanamke ninayemheshimu sana katika hili ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wanawake wafinyanzi. Mitungi yake ina shingo na tumbo kama ya mtu aliye hai, na haina ua hata moja.

SWALI: Vyungu vyangu vinapasuka nikivichoma. Tatizo ni udongo?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Mara nyingi ni maji. Hewa yetu ina unyevu, hasa masika, na chungu huonekana kikavu kumbe bado. Kiweke shavuni: ukisikia ubaridi, subiri. Maji yaliyobaki ndani yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke usipopata njia unakivunja chungu. Anza na moto mdogo mdogo, saa mbili au tatu, ndipo uongeze kuni. Changanya pia unga wa vigae kwenye udongo wako. Unapunguza kusinyaa na kuupa mvuke pa kupitia.

Masika iliyopita nilichoma kabla ya wakati kwa sababu mteja alinihimiza. Kati ya vyungu kumi na vinne vilipona vitatu. Nililia. Kisha nikavisaga vile vigae kwenye kinu, nikauchanganya unga wake na udongo mpya, nikafinyanga ile mitungi iliyokuwa kwenye maonyesho.