Programu ya simu haimwonyeshi nahodha wa meli mashua yako

Swali: Nina mashua ya mbao ya mita 9 yenye injini ya kupachika. Navua usiku, na alfajiri huvuka njia ya meli kutoka Chongoleani kuja Deep Sea kuuza samaki. Fundi ameniwekea programu ya simu inayoonyesha meli, akasema nazo zinaniona, hivyo taa na redio si lazima. Sasa ananiuzia kifaa cha AIS, yaani cha kutangaza kwa redio mahali chombo kilipo, nikifunge kwenye wavu. Ninunue? — Mvuvi, Tanga

Jibu: Ndugu yangu, usinunue, na usivuke tena usiku kwa kuitegemea simu hiyo. Meli hutangaza mahali zilipo kwa redio, vituo vya nchi kavu hupokea na kupeleka taarifa hizo kwenye intaneti, ndipo zikufikie wewe. Simu yako haipeleki chochote kwenye mitambo ya meli. Tena taarifa hizo huchelewa. Meli inayokwenda kilomita 15 kwa saa hukata mita 250 kila dakika, kwa hiyo picha iliyochelewa dakika 5 inakuonyesha meli iliyokwisha kukusogelea kwa zaidi ya kilomita moja.

Linalonisikitisha zaidi, kwa sababu nalisikia karibu kila siku kwa wavuvi wetu, ni kudhani kwamba meli kubwa yenye rada lazima itakuona na kukukwepa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini (SOLAS) unaruhusu sehemu ya bahari iliyo mbele ya omo, yaani ncha ya mbele ya meli, isionekane kutoka darajani, chumba cha kuongozea meli, hadi umbali wa urefu wa meli mara mbili au mita 500, kutegemea upi ni mfupi. Kwa meli ya mita 200 hizo ni mita 400 ambamo mashua yako inaweza kuwamo bila nahodha kuiona kwa macho. Rada nayo hupata mwangwi hafifu kutoka kwenye mbao, na kusi ikivuma mawimbi hujaza skrini. Afisa akipunguza mwangwi wa mawimbi, wa mashua yako unaweza kufutika pamoja nao. Hata akikuona, meli ya urefu huo iliyo katika mwendo wa kasi inaweza kuhitaji hadi kilomita 3 ili isimame.

Zamani hapa bandari ya Tanga meli nyingi zilitia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa matishari. Sasa njia imechimbwa hadi kina cha mita 13 na meli zinafika gatini, kwa hiyo mazoea ya wazee wetu ya kukatiza popote hayafai tena. Meli iliyomo ndani ya njia hiyo haina pa kugeukia isipokuwa kupanda mwamba, na ndiyo maana Kanuni ya 9 ya kuzuia migongano baharini ya mwaka 1972 inakutaka wewe, mwenye chombo kisichofika mita 20, usiizuie. Weka taa nyeupe inayoonekana pande zote, nyekundu kushoto na kijani kulia; sikiliza redio ya VHF chaneli 16; pita tezini, yaani nyuma ya meli, si mbele yake. Ukisikia honi fupi tano, husalimiwi: nahodha ana shaka na unachokifanya, na yapasa uondoke mara moja.

Ama vifaa vya nyavu, hao wanaoviuza mitaani wanaharibu usalama wa bandari nzima. Kila kifaa cha AIS hutakiwa kuwa na namba ya tarakimu 9, na kwa vyombo vya Tanzania huanza na 674 au 677. Wauzaji hawa huandika namba yoyote, kisha wavu unaonekana kwenye skrini kama chombo chenye watu. Afisa wa zamu hukiita redioni, hakijibu. Baada ya vichache vya namna hiyo huzoea kuvipuuza vyote, na kimojawapo kinaweza kuwa mashua yenye watu. Hata kifaa halali cha vyombo vidogo, ambacho kina faida yake, hutangaza kila sekunde 30 ukitembea lakini kila dakika 3 ukielea na wavu, muda ambao meli ile ya kilomita 15 kwa saa imekwisha kukata mita 750. Hakichukui nafasi ya taa.

Wavuvi wa Sahare, Mwambani na kwingineko mliokwisha kuvinunua, vitoeni kwenye nyavu. Atakayekuja kukuuzia kifaa chochote cha AIS, mwulize kwanza namba yake imesajiliwa kwa chombo gani. Akikwambia uandike yoyote, usikinunue; na kama umekwisha kumlipa, mrudishie kifaa chake na udai fedha zako.